Bluu kwa Bluu

Kama kuna jambo moja Dobi alilokuwa na hakika nalo hapa duniani, ni kwamba nguo nyeupe hufuliwa na nyeupe, nyekundu na nyekundu, na suruali za jinzi hufuliwa peke yake kama mgonjwa aliyetengwa. Miaka kumi na tisa aliendesha duka lake la kufulia, mashine tatu na pasi mbili za mvuke, na hakuna shati la mteja lililowahi kutoka pale limevaa rangi ya shati jingine. Watu wote walimwita Dobi, hata wale waliosoma naye, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo ila kwa sauti ya chini kidogo. Sasa mwanamke mwenye kichwa kilichopangwa namna hiyo, aolewe akiwa na miaka arobaini na miwili, aingizwe katika nyumba yenye tangi la samaki wa kila rangi waliochanganywa pamoja, wewe unategemea nini? Alichanganyikiwa, na mimi simlaumu.

Tangi lenyewe lilikuwa sebuleni, refu kama kochi la watu watatu, na ndani yake mawe yalirundikwa kutoka chini hadi karibu na uso wa maji, yakaacha matundu na vichochoro kila upande. Siku ya kwanza Binti alimtembeza mbele ya kioo kwa adabu zote, kama mwalimu anayemwonyesha mkaguzi darasa. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto pekee wa mume wa Dobi. Alieleza kwamba samaki wale huitwa sikilidi, ni jamaa wa mbali wa perege, na ni wakorofi kupindukia. Kila mmoja anataka tundu lake na atalipigania. Ndiyo maana mama yake aliwachagua mmoja mmoja, aina hii na aina ile, wa njano, wa machungwa, wa madoa, wa kijivu, wakafika kumi na wanne. Na katikati yao wote, wa bluu mmoja tu mwenye michirizi myeusi, mkubwa, mwenye tundu kubwa kuliko wote. Mama yake alimpa jina la Mwenyekiti.

Mama huyo hakuwa amekufa. Alikuwa muuguzi, aliachana na baba yake Binti kwa amani inayowashangaza majirani, na miaka miwili iliyopita alihamia mji wa mbali kwenye hospitali kubwa. Aliondoka na masanduku mawili na hakuchukua hata kokoto moja ya tangi. Binti alibaki na baba yake, kwa kuwa mama alikuwa akiishi chumba kimoja na zamu zake hazikuwa na mpangilio.

Basi siku hiyo hiyo ya kwanza, macho yakiwa bado kwenye kioo, Binti alitamka neno lililomkaa Dobi kifuani kwa miezi mitatu.

"Mwenyekiti akifa, mimi nitaenda kukaa kwa bibi."

Baba mtu alicheka. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kupanda na kushuka, na kwake mambo mengi yalikuwa ya kucheka. Alisema huyo samaki atatuzika sote, akaenda kutafuta chai. Dobi hakucheka. Katika kazi yake, mteja akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Aliyachukua maneno ya yule mtoto kama yalivyo, akayaweka.

Na hakutaka Binti aende. Hilo niliseme wazi mapema, maana yeye mwenyewe ilimchukua muda kulisema. Hakuwahi kupata mtoto, wala hakuja katika nyumba ile kutafuta mmoja. Alimfuata mwanamume. Lakini haikupita wiki mbili akajikuta akinunua maziwa ya kopo anayopenda Binti, na akijua ni siku gani ana kipindi cha michezo. Mapenzi yale yalimjia kama mgeni asiye na taarifa, na hakujua amkalishe wapi.

Binti hakumsaidia kujua. Alimwita Mama Mdogo, aliamkia, alishukuru, aliosha sahani yake. Kuna siku Dobi alimwona samaki wa njano, yule anayeitwa Mweka Hazina, mdomo umemvimba na chakula hagusi, akaenda kumwambia Binti kwa hofu kwamba samaki anaumwa jino. Binti alicheka hadi akakaa sakafuni. Akaeleza kwamba jike huyo amebeba mayai yake mdomoni, hatakula wiki tatu, na ndiyo sababu akapewa cheo kile, maana anafunga mdomo na hatoi kitu. Walicheka pamoja jioni nzima. Asubuhi yake Binti alikunywa chai akitazama ukuta, akajibu kwa neno moja moja. Dobi akaenda kazini akijiuliza amekosa wapi, akapiga pasi shati moja mara mbili.

Mitihani ilipokwisha, Binti akatoka wa pili darasani. Baba yake alikuwa safarini kwa majuma mawili, akifunga lifti katika jengo la ghorofa kumi na moja. Dobi akaona hii ndiyo nafasi. Alipita kwenye duka la samaki wa mapambo, ambalo mmiliki wake aliitwa Daktari mtaa mzima, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi na simu isiyotoka sikioni. Daktari alimuuliza ana samaki gani nyumbani, Dobi akasema wa rangi zote, Daktari akamwonyesha kwa kidevu safu nzima ya matangi na kuendelea na simu yake.

Hapo ndipo Dobi alipomwona. Wa bluu, michirizi myeusi, mdogo kidogo kuliko Mwenyekiti. Na papo hapo moyo ukamsuta. Kumbe miezi yote mitatu yule maskini wa nyumbani alikuwa peke yake, wa njano wako watatu, wa machungwa wawili, yeye hana hata mmoja wa kitambaa chake, kama soksi iliyopotelewa na mwenzake. Kazi nzima ya maisha yake ilimwambia jambo moja: bluu kwa bluu. Alimnunua, akamfungisha kwenye mfuko wa maji, akaenda naye nyumbani akiwa amemkumbatia kifuani. Saa tisa alasiri, kabla Binti hajarudi, alimmimina ndani ya tangi na kusimama akitabasamu.

Tabasamu lilidumu dakika mbili. Mwenyekiti alitoka tunduni, akamtazama mgeni, akamwendea kama aliyetukanwa. Wakashikana midomo. Wakazunguka. Kigamba kimoja kikaelea juu, kikang'aa kwenye taa. Dobi aligonga kioo, akawaambia waache, akazima taa ya tangi, akaiwasha tena. Alipochukua wavu, wote wawili waliingia kwenye mawe, na wavu ukatoka na jani la plastiki.

Binti aliporudi aliweka mkoba chini, akatazama kwa muda mrefu.

"Umeleta mwingine wa bluu," akasema.

"Nimemletea mwenzake."

"Mama Mdogo, hawa hawagombani na asiyefanana nao. Wa njano hamjali. Wa machungwa hamjali. Dume mwenzake anayefanana naye ndiye anaona atamnyang'anya nafasi yake."

Dobi alimuuliza, yaani anapigana na ndugu yake? Binti akasema hata si ndugu, yule ni wa aina nyingine kabisa, wamefanana tu. Akaongeza kwamba mama yake ndiyo maana alichanganya vile. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwingizia Dobi ubaridi. Angekasirika angejua la kufanya. Alisema tu kwa upole kwamba ana kazi ya shule, akaenda chumbani.

Siku mbili zilizofuata Dobi alitembea katika nyumba ile kwa ncha za vidole. Siku ya tatu akaona mambo yametulia na roho ikamrudi. Samaki mmoja wa bluu alikuwa amekaa kwenye tundu kubwa, anang'aa kuliko wakati wowote. Mwingine alikuwa amejibanza kwenye kona ya juu, karibu na bomba la chujio, mapezi yamechanika, rangi imechuja hadi kuwa ya vumbi. Alimhurumia mgeni, lakini alimshukuru Mungu. Alimpigia mumewe akamwambia kwa furaha kwamba Mwenyekiti ameshinda. Mumewe akasema alijua tu, mambo ya samaki yeye hamo, lifti ya tatu inamtesa.

Jioni alimpa Binti habari ile ile njema. Binti aliacha kalamu.

"Huyo anayeng'aa ndiye mgeni," akasema. "Mwenyekiti ni yule wa juu."

Dobi alirudi kwenye kioo. Alitazama wa chini, akatazama wa juu. Katika maisha yake alikuwa ameona rangi zikichuja kwa jua, kwa dawa, kwa maji ya moto, kwa uzembe. Hakuwahi kuona rangi ikimtoka mmoja na kumwingia mwingine kwa sababu ya kushindwa. Alimuuliza Binti kama inarudi. Binti akasema wakati mwingine inarudi, ila akibaki hapo juu hatakula, na asipokula atakufa. Alisema "atakufa" bila kumtazama. Dobi hakujua ashike lipi na aache lipi.

Kesho yake alifunga duka mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake, akaenda kwa Daktari. Safari hii alimwomba aweke simu chini. Daktari alisikiliza, akavaa miwani, akasema njia ziko mbili. Ya kwanza, amtoe yule mgeni, lakini hatamkamata mpaka atoe mawe yote, maana sikilidi kwenye mawe yake hakamatiki. Ya pili, atoe mawe yote na kuyapanga upya kabisa, ili kila samaki akose pake, wote wawe wageni siku moja, wagawane upya. Afadhali afanye zote mbili. Dobi akasema kwa vyovyote vile basi ni mawe. Daktari akasema kwa vyovyote vile ni mawe.

"Mawe hayaguswi," Binti akasema alipoambiwa. "Mama ndiye aliyeyapanga."

Dobi alimkumbusha Mwenyekiti atakufa. Binti akasema anajua. Alikuwa amekaa kwenye zulia, magoti kidevuni, na uso wake haukuonyesha chochote ambacho Dobi angeweza kukisoma. Samaki asife, na mawe yasiguswe. Dobi alikwenda jikoni akasimama mbele ya sinki bila kujua amefuata nini. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na fomu ya shule, na chini ya fomu, namba za kupigiwa wakati wa dharura. Ya tatu ilikuwa ya mama mzazi.

Alijikaza kisabuni akapiga. Hawakuwahi kuongea hata mara moja. Sauti iliyopokea ilikuwa changamfu, na nyuma yake kulikuwa na mtu anayesukuma kitanda chenye magurudumu. Dobi alijieleza ovyo, akaanza na mitihani, akaingia kwenye soksi, akafika kwenye samaki. Muuguzi hakumkatiza. Mwisho akasema, "Mwenzangu, toa hayo mawe. Mimi mwenyewe nimeyapanga mara ishirini. Kila nilipoleta samaki mpya nilibomoa yote."

Dobi akasema mtoto hataki, anasema ni ya mama. Upande wa pili magurudumu yalikoma. Kisha sauti ikasema, mpe simu.

Binti alipokea akiwa amesimama wima. Dobi angetoka sebuleni, ilikuwa ni heshima kutoka, lakini miguu ilikataa. Alisikia upande mmoja tu. Binti alisema ndiyo, mama. Akasema, "Lakini ukirudi utakuta si yale." Kisha akasikiliza muda mrefu, akikwaruza kioo kwa ukucha. Akasema sawa. Akasema pia, kwa haraka, kwamba labda ataenda kukaa kwa bibi. Akasikiliza tena. "Popote," akarudia, kama anayeandika imla. "Sawa, mama. Popote nitakapopenda." Akamrudishia Dobi simu, ikiwa imeshakatwa.

Dobi hakuelewa kama lile lilikuwa jambo jema au baya. Alimuuliza mama amesemaje. Binti akasema amesema apange mawe anavyotaka yeye, na kwamba kule amepewa mkataba mwingine wa miaka mitatu.

Jumamosi asubuhi walifanya kazi ile pamoja. Dobi alileta taulo kutoka dukani akazitandika sebule nzima. Binti alitoa jiwe moja baada ya jingine, mikono imelowa hadi mabegani, na mwanzo aliyalaza kwenye taulo kwa mpangilio ule ule, la kushoto kushoto, la kulia kulia. Kufikia jiwe la ishirini akaacha, akayaweka popote. Yalikuwa arobaini na matatu. Mgeni wa bluu, alipokosa pa kujificha, alikamatwa kwa wavu mara moja, na Dobi akamrudisha kwa Daktari kwenye ndoo ndogo. Mwenyekiti aliwekwa kwenye ndoo ya peke yake, na wengine kwenye beseni. Walipanga mawe upya, yakawa vilima viwili badala ya kimoja, na Binti alifanya kazi hiyo kwa kasi na kimya, kama mtu anayetaka iishe. Samaki waliporudishwa walizubaa wote. Wa njano aliingia tundu la wa madoa, wa madoa akaingia lolote lililokuwa wazi. Dobi aliwatazama akajisikia nafuu kidogo kuona kwamba si yeye peke yake.

Mwenyekiti alishuka taratibu hadi kwenye mchanga, akakaa pale. Jumapili asubuhi alikuwa amelala ubavu nyuma ya chujio, na alikuwa amekufa.

Binti ndiye aliyemtoa. Hakulia. Alimzungushia karatasi laini, akachukua mwiko wa zamani jikoni, akatoka uani na kufunga mlango wa nyuma.

Dobi alisimama katikati ya sebule. Alifikiri kumfuata, akaona hana haki, maana ni yeye aliyemuua, kwa mikono yake, kwa nia njema. Alifikiri kumpigia mumewe, akaona atacheka, au hatacheka, na yote mawili hakuyataka. Kisha kazi yake ikamwambia la kufanya, kama siku zote. Neno lilikuwa limetolewa siku ya kwanza, wazi, mbele ya watu. Mwenyekiti akifa. Alikuwa amefikiria neno lile kila siku kwa miezi mitatu na hakuona mlango wa kulikwepa. Kama mtoto anakwenda, angalau asiende na nguo zilizokunjamana.

Alitoa kila kitu kabatini. Alipiga pasi sare za shule, magauni, fulana, mashuka, hata soksi, ambazo hakuna binadamu anayezipiga pasi. Alikunja kwa mkunjo wa dukani, kola juu, mikono nyuma. Alipofika kwenye sweta la kijani machozi yalimtoka, akaacha mvuke umfunike uso, akaendelea. Alipanga zote kwenye begi kubwa la safari, nzito chini, nyepesi juu, akafunga zipu. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana.

Binti aliingia chumbani, udongo kwenye mikono hadi viwikoni. Aliona kabati tupu. Akaona begi.

"Unanifukuza?"

Dobi alipigwa na bumbuwazi. Mwishowe akasema, "Ulisema Mwenyekiti akifa utaenda kwa bibi. Nimekutayarishia."

"Nilisema."

"Basi."

"Nilimwambia baba, akacheka," Binti akasema. "Nikamwambia mama, akasema popote nitakapopenda. Nikakwambia wewe. Wewe umenipigia pasi."

Akakaa kitandani na mikono yake michafu, juu ya shuka jeupe, akalia kwa namna ambayo hakuwa amelia kwa ajili ya samaki. Dobi alibaki amesimama na pasi ya moto mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile kitu kimoja kikawa wazi kichwani mwake, kikawa wazi hadi kikamuuma. Miezi mitatu mtoto alikuwa akiuliza swali, na watu wazima watatu walikuwa wamelipokea kama taarifa.

Alichomoa pasi ukutani. "Usiende," akasema. Neno lilitoka limekwama, kama kikohozi, ikabidi alirudie. "Usiende. Sitaki uende."

"Kwa nini?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alitafuta sababu nzuri, ya mtu mzima, akakosa. Akasema iliyokuwapo. "Jioni nikitoka kazini, nikifika pale kwenye ngazi, natega sikio kwanza nisikie kama umesharudi. Nisipokusikia, siingii. Nakaa pale pale kwenye ngazi mpaka uje, halafu najifanya ndiyo nafika sasa hivi."

Binti alimtazama, kamasi zikimtoka. Alimuuliza kama ni kweli, hata siku ile ya mvua alipomkuta amelowa chapachapa. Dobi akasema hata siku ile. Binti akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akajipaka zaidi, akalivuta begi kwa mguu hadi karibu yake na kuanza kuvuta zipu. Alitoa nguo moja moja akazirudisha kabatini, fulana juu ya sare, soksi ndani ya mashuka, nyeupe na za rangi pamoja, zote zikiwa na alama za vidole vya udongo. Dobi alikaa kando yake kitandani akamwacha azipange anavyotaka.